Mezani Crystal hakuna wakili wako: jinsi ya kumweka mmoja kabla ya kununua nyumba

Aliyewahi kununua kiwanja Kitengela au Mtwapa anajua kwamba shughuli huanza kwa wakili. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinamkataza asiye wakili kuandaa hati za uhamisho wa ardhi kwa malipo. Desturi nayo imeweka taratibu zake: mwuzaji ana wakili wake na mnunuzi ana wake, asilimia 10 ya bei hulipwa mkataba ukisainiwa, salio hulipwa kwa kawaida ndani ya siku 90, na mawakili hao wawili hupeana hati na fedha kwa ahadi ya maandishi inayowafunga kitaaluma. Mtu huyohuyo akihamia Crystal, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, anaweza kununua nyumba ya dola 300,000, akachukua mkopo wa benki na kukabidhiwa funguo bila kuzungumza na wakili hata mmoja.

Sheria ya Minnesota haimlazimu kuwa naye. Wengi hununua hivyo na wanaishi kwa amani. Shida ni kwamba mgeni huona watu wengi wamezunguka meza siku ya kufunga mauzo, wote wakiwa na makabrasha, akadhani mmoja wao yupo kwa ajili yake. Hayupo. Anayemtaka lazima amtafute mwenyewe, amlipe mwenyewe, na amlete mapema, kwa sababu kazi ya maana ya wakili katika mfumo huu hufanyika katika wiki chache kati ya mkataba na siku ya kufunga. Siku yenyewe ikifika, karibu kila kitu kimeshaamuliwa.

Crystal inafaa kuchambuliwa kwa sababu ya umri wa nyumba zake. Mwaka 1950 mji ulikuwa na wakazi wasiofika 6,000. Kufikia 1960 walipita 24,000. Katika miaka hiyo kumi mashamba yalikatwa viwanja na zikasimama nyumba za ghorofa moja zenye chumba cha chini ya ardhi, zilizojengwa kwa ajili ya familia changa za baada ya vita. Ndizo zinazouzwa leo, na ndizo wanazozikimbilia wauguzi, madereva na wahudumu wa nyumba za wagonjwa waliotoka Afrika Mashariki, hapo Crystal na katika miji jirani ya Brooklyn Park, New Hope na Robbinsdale. Nyumba ya miaka 70 imepita mikono mingi. Kila mkono umeacha kitu kwenye kumbukumbu za kaunti: mkopo uliolipwa lakini haukufutwa, talaka, mirathi, gereji iliyosogea hadi kwenye mpaka.

Tuchukue nyumba ya mfano. Imejengwa mwaka 1954. Bei ni dola 300,000. Wanunuzi, mke na mume, wana akiba ya dola 60,000 na benki inawakopesha 240,000. Mwuzaji ni mfanyabiashara aliyeinunua ikiwa imechakaa, akabadilisha paa na jiko, na sasa anaiuza haraka. Fundi wa paa alishuka ngazi wiki sita zilizopita.

Kabla ya kuingia humo, inafaa kujua wakili alipotelea wapi. Zamani Marekani nayo ilikuwa na watu wa kukagua hati kama Uingereza. Mwaka 1868 Mahakama Kuu ya Pennsylvania iliamua kesi ya Watson dhidi ya Muirhead. Muirhead alikuwa mkaguzi wa hati. Aliona hukumu za madeni dhidi ya mmiliki wa zamani, akamwuliza mwanasheria, akaambiwa hazigusi ardhi ile, akamhakikishia Watson kwamba hati ni safi. Haikuwa safi, na Watson alipata hasara. Mahakama ilisema mkaguzi hakuwa mzembe, kwani alifuata ushauri wa kitaalamu, hivyo hadaiwi. Wanunuzi wakatambua kwamba ukaguzi wa uangalifu hauwalipi chochote mkaguzi anapokosea kwa nia njema. Miaka minane baadaye, 1876, kampuni ya kwanza ya bima ya hati, inayomlipa mnunuzi hati ikibainika kuwa na kasoro, ilianzishwa Philadelphia. Polepole sehemu kubwa ya nchi ikaacha kutegemea maoni ya wakili, ikategemea bima.

Minnesota iliongeza hatua yake. Mwaka 1940, katika kesi ya Cowern dhidi ya Nelson, Mahakama Kuu ya jimbo iliruhusu madalali wa nyumba kujaza hati za kawaida za mauzo wanayoyasimamia wenyewe. Ndiyo maana wakala wako leo anakuletea mkataba wa mauzo kwenye simu saa nne usiku, visanduku vimeshatiwa alama, na unausaini kwa kidole. Ni mkataba halali unaokufunga. Aliyeujaza ameruhusiwa kuujaza, lakini si kazi yake kukushauri kisheria maana ya kila kisanduku.

Sasa tuitazame ile meza. Wakala wako hulipwa nyumba ikiuzwa. Afisa wa mkopo anaiangalia benki. Ofisa wa kampuni ya hati, ile inayouza bima ya hati, anayesimamia ufungaji ni mtu wa kuhakikisha karatasi zimesainiwa na fedha zimegawanywa sawasawa. Ukimwuliza kama ukubali kipengele fulani atakujibu, na kwa haki kabisa, kwamba yeye hatoi ushauri wa sheria. Hata bima ya hati ambayo benki inakulazimisha kuilipia inailinda benki peke yake, kwa zile dola 240,000. Bima ya mmiliki, inayolinda zile 60,000 zako na thamani utakayoijenga, ni ya hiari na hulipiwa mara moja tu. Naona ni kosa kuiacha ili kuokoa fedha kidogo siku ya kufunga.

Jambo moja wanunuzi wengi hawaambiwi kwa sauti: kampuni ya hati unaichagua wewe. Kampuni kubwa za udalali katika eneo la Minneapolis na Saint Paul zina kampuni tanzu za hati, na wakala huandika jina la kampuni dada kana kwamba hakuna nyingine. Kifungu cha 507.45 cha sheria za Minnesota kinakataza dalali, benki au mjenzi kumlazimisha mtu atumie wakala fulani wa kufunga au wakili fulani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu taratibu za ufungaji inakataza bakshishi za kupelekeana wateja, na inataka uhusiano wa kampuni hizo uelezwe kwa maandishi. Ile karatasi ya uhusiano wa kibiashara ni mojawapo ya zile zinazosainiwa bila kusomwa.

Upande wa hati zenyewe, Mkenya ana faida asiyoijua. Kaunti ya Hennepin, ilipo Crystal, ina mifumo miwili ya umiliki inayoishi pamoja. Wa kwanza ni wa mnyororo: kila mauzo, mkopo na mirathi vimesajiliwa kimojakimoja, na mtu lazima aufuate mnyororo huo nyuma aone kama pete zote zimeshikana. Wa pili ni wa cheti: mahakama ilishathibitisha mmiliki, na msajili wa kaunti ana cheti kimoja kinachotaja mmiliki na mizigo iliyosajiliwa. Mfumo huu wa cheti unaitwa Torrens, jina la Robert Torrens aliyeuanzisha Australia Kusini mwaka 1858. Minnesota iliupokea 1901. Kenya nayo iliupata wakati wa ukoloni kupitia Sheria ya Usajili wa Hati, iliyodumu hadi Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilipoifuta. Kwa hiyo nyumba mbili zinazopakana Crystal zinaweza kuwa katika mifumo tofauti, mmoja ukifanana sana na ule ulioandikwa kwenye hati ya baba yako.

Tofauti hiyo inauma pale kwenye ua. Tuseme uzio wa jirani umeingia futi mbili ndani ya kiwanja chetu cha mfano, na umesimama hapo tangu 1985. Katika mfumo wa mnyororo, aliyeikalia ardhi waziwazi kwa miaka 15 anaweza kuidai kuwa yake. Katika Torrens hawezi, hata akae karne. Wakili ataanza kwa kuuliza nyumba iko mfumo gani, kisha atakuuliza kuhusu uzio, kisha atakwambia kama inafaa kumlipa mpima ardhi kabla ya kufunga. Benki hapa mara nyingi haidai upimaji kamili kwa nyumba ya familia moja, na mtu aliyezoea kutembea na mpima kutafuta mawe ya mipaka kule nyumbani hushangaa kwamba ananunua bila kuonyeshwa hata moja.

Nyumbani, Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, ilisema kwamba hati pekee haimkingi mnunuzi ikiwa ugawaji wa mwanzo ulivunja sheria. Wakili wa Kenya sasa lazima achimbe hadi mzizi. Minnesota swali la mzizi limepungua uzito, kwa sababu ya mahakama zilizothibitisha vyeti, kwa sababu ya sheria inayozima madai mengi ya zaidi ya miaka 40 yasiyosajiliwa upya, na kwa sababu ya bima. Hatari imehamia kwenye mambo ya karibuni: mafundi, ndoa, madeni na maneno ya mkataba.

Hapo ndipo tunarudi kwa fundi wa paa. Siku chache baada ya mkataba kusainiwa, kampuni ya hati hutoa ahadi ya bima, waraka wa kurasa kadhaa ambao kwa maoni yangu ndio muhimu kuliko yote utakayopewa. Jedwali A linataja nani anauza, nani ananunua na kiwanja ni kipi. Jedwali B lina sehemu mbili: ya kwanza ni masharti yanayopaswa kutimizwa kabla ya bima kutolewa, ya pili ni orodha ya mambo ambayo bima haitayalipia. Watu hulikunja hapo. Wakili huanzia hapo.

Katika nyumba yetu ya mfano, sehemu ya pili inasema bima haihusiki na haki za mafundi na wauza vifaa ambazo bado hazijasajiliwa. Sheria ya Minnesota inampa fundi asiyelipwa siku 120 tangu siku yake ya mwisho ya kazi kusajili dai juu ya nyumba yenyewe, hata kama nyumba imeshauzwa kwa mtu mwingine. Wiki sita ni siku 42. Mwuzaji akipokea fedha zake akaondoka bila kumlipa fundi, dai linaweza kufika mlangoni kwa mke na mume ambao hawajawahi kumwona fundi huyo. Cheti cha Torrens hakiwaokoi, maana haki hii ni miongoni mwa chache ambazo sheria inaziacha zipite hata zisipoandikwa kwenye cheti. Dawa inajulikana: wakili anaandika barua kwa kampuni ya hati na kwa upande wa mwuzaji akitaka kiapo cha mwuzaji, stakabadhi zilizosainiwa na fundi kwamba amelipwa na ameachia dai lake, na kipengele hicho kiondolewe kwenye bima ya mmiliki. Barua ya aya mbili inatosha, lakini inahitaji mtu aliyesoma Jedwali B kwa jicho la mnunuzi huku bado kuna muda wa kudai.

Kwenye waraka huohuo atatazama tozo za mji. Miji ya hapa hukarabati barabara na kuwagawia wenye nyumba sehemu ya gharama, inayolipwa kwa miaka pamoja na kodi ya nyumba. Mkataba wa mauzo una kisanduku cha kuamua nani anabeba tozo iliyopo na nani anabeba inayokuja. Kisanduku kimoja kinaweza kuhamisha maelfu ya dola.

Jambo linalonigusa zaidi ni majina kwenye hati ya uhamisho. Sheria ya Minnesota inasema watu wawili wakipokea ardhi bila maelezo, wanamiliki kila mtu fungu lake; mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi. Ili aliyebaki apate nyumba yote moja kwa moja, hati lazima itamke kwamba wanamiliki kwa pamoja kwa haki ya aliyebaki hai. Ni maneno machache tu kwenye mstari wa wapokeaji. Yakikosekana, mjane aliye Crystal anaweza kujikuta mahakamani, na watoto wa marehemu walioko Kisii au Moshi wakiwa na sauti katika nyumba aliyoilipia kwa zamu za usiku. Wakili huuliza hili mapema: mna watoto wa nje ya ndoa hii? Mnataka nani arithi? Wapo pia wanaofaidika zaidi na hati ya kuhamisha umiliki mtu anapofariki, ambayo Minnesota iliiruhusu mwaka 2008.

Ndoa ina upande wake wa pili. Mwenye nyumba aliyeoa hawezi kuuza nyumba anayoishi bila saini ya mwenzake, hata kama jina la mwenzake halimo kwenye hati. Kwa jamii yetu, ambako mume yuko Minnesota na mke bado anasubiri viza Nairobi, hili ni la kila siku. Aliyeoa kwa ndoa ya kimila au ya Kiislamu asijiandike hana mke kwa sababu hakuna cheti cha serikali. Amweleze wakili ukweli wote, kabla karatasi haijamlazimu kutamka hali yake ya ndoa. Saini ya mbali inawezekana: tangu Januari 2019 Minnesota inaruhusu uthibitisho wa saini kwa video, na iko njia ya wakala mwenye mamlaka ya kisheria. Ila mipango hiyo huchukua muda, na kampuni ya hati inaweza kuwa na masharti yake juu ya watu walio ng'ambo.

Basi umchague vipi? Wengi wetu tunamjua wakili mmoja tu, yule aliyetusaidia uhamiaji, na ndiye tunayempelekea mkataba wa nyumba. Apewe heshima zake, lakini kazi hii ina watu wake. Chama cha Mawakili cha Minnesota huwatambua rasmi wabobezi wa sheria ya ardhi na majengo, na orodha hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukimpigia, mwulize anamwakilisha nani hasa, kwa sababu baadhi ya mawakili wana leseni ya kuuza bima ya hati pia, na anayelipwa na bima anaangalia pande mbili. Mwulize kama ni yeye atakayesoma Jedwali B au msaidizi wake. Mwulize ada: mara nyingi kwa kusoma mkataba na ahadi ya bima watakutajia bei moja, na ukilinganisha na kodi ya kusajili mkopo, ambayo Hennepin ni asilimia 0.24, yaani dola 576 kwa mkopo wetu wa mfano, utaona kwamba si yeye anayeifanya nyumba iwe ghali. Wakili aliyependekezwa na mwuzaji mwachie mwuzaji.

Mpate kabla hujaanza kutembelea nyumba. Soko likiwa moto ofa husainiwa siku ileile, na hakuna wakili atakayesoma mkataba saa nne usiku akiwa hakujui. Akiwa ameshakubali kazi, anaweza kukuandalia mapema kipengele kifupi cha kuambatanishwa na ofa kinachosema mkataba unategemea idhini ya wakili wa mnunuzi ndani ya siku chache. Wakala anaweza kukwambia kipengele hicho kitakuponza mbele ya ofa nyingine, na wakati mwingine anasema kweli. Hapo mwombe wakili asome fomu tupu ya mkataba pamoja nawe mara moja, mstari kwa mstari, ili siku ya ofa ujue kila kisanduku kinafanya nini: arubuni inarudi lini na inapotea lini, ukaguzi una siku ngapi, na kwamba sheria inaruhusu upande mmoja kuanzisha ufutaji wa mkataba kwa notisi ambayo usipoijibu kwa amri ya mahakama ndani ya siku 15, mkataba umekufa. Notisi hiyo ikifika usiiweke juu ya friji.

Siku tatu za kazi kabla ya kusaini, benki lazima iwe imekufikishia taarifa ya mwisho ya gharama. Itume kwa wakili papo hapo. Kisha zinakuja fedha, na hapa naomba msomaji asimame. Wezi hudukua barua pepe za mawakala na kampuni za hati, husubiri wiki ya kufunga, kisha humwandikia mnunuzi kwamba akaunti imebadilika. Barua ina nembo, jina la ofisa na namba ya faili, vyote sahihi. Ukituma dola 60,000 huko, kuzirudisha ni bahati. Chukua namba ya simu ya kampuni ya hati siku ya kwanza, uso kwa uso, uiandike kwenye karatasi. Kabla ya kutuma senti piga namba hiyo, usipige iliyo kwenye barua, na umsomee ofisa tarakimu za akaunti moja baada ya nyingine. Ukigundua umetuma vibaya, piga benki yako dakika hiyohiyo.

Wakili akisoma kumbukumbu za nyumba ya umri huu anaweza kukutana na sentensi inayosema nyumba isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye mweupe. Mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ulioanza 2016, umepata maelfu ya sentensi za aina hiyo katika kaunti ya Hennepin. Hazina nguvu: mahakama ya juu ya nchi ilikataa kuzitekeleza 1948, Minnesota ikazuia mpya 1953, na sheria ya shirikisho ya 1968 ikazimaliza. Bado zimeandikwa. Tangu 2019 mwenye nyumba anaweza kusajili tamko la kuikataa, na Crystal ni mmoja wa miji iliyo katika mpango wa Just Deeds, ambamo mawakili wa kujitolea huiandaa hati hiyo bure. Naipenda kazi hiyo. Mtu aliyetoka Eldoret anaweka jina lake kwenye rejista ileile iliyoandikwa kumzuia.

Kuna ununuzi mmoja ambao kwangu haupaswi kufanywa kabisa bila wakili, nao ni ule wa kumlipa mwuzaji kwa awamu bila benki, huku hati ikibaki kwa jina lake hadi malipo ya mwisho. Huuzwa sana kwa Waislamu kama njia ya kukwepa riba. Mwaka 2022 ProPublica na Sahan Journal walichapisha uchunguzi kuhusu familia za Kisomali Minnesota zilizouziwa kwa bei za juu sana, baadhi zikapoteza nyumba na malipo yote. Kwa muda mrefu sheria ilimpa mnunuzi aliyechelewa siku 60 tu za kurekebisha, bila kesi mahakamani. Mwaka 2024 bunge la jimbo liliwabana wawekezaji wanaouza kwa njia hii, pamoja na kuwadai maelezo ya maandishi kabla ya mnunuzi kujifunga. Wakili hapa ana maswali yake: mwuzaji mwenyewe ana mkopo juu ya nyumba hii? Benki yake inajua? Malipo makubwa ya mwisho yanakuja mwaka gani, na yatatoka wapi? Mkataba utasajiliwa kaunti lini, na nani atapeleka? Mwuzaji asiyetaka maswali hayo yaulizwe kwa maandishi ameshakujibu, na muda wa kuondoka ni kabla arubuni haijatoka mfukoni.